Mbacha na Msala: Ukunjufu wa Akili katika Nyumba Zetu



Wasomaji wetu wapenzi, wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo kwa dhahiri zapingana. Ya kwanza yatwambia: tembea uone. Ya pili yatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Moja yatusukuma mlangoni, na nyingine yatushika upindo wa kanzu. Sisi tuliofika Wembley kwa kudra ya Mwenyezi Mungu tumezitii zote mbili. Tumetembea mpaka kwenye nchi ya baridi, na mbacha wetu, yaani dini yetu, lugha yetu na adabu zetu, tumekuja nao kwapani.

Lakini liko jambo ambalo kila tukikutana misikitini, harusini na matangani twalisikia kwa wazazi wenzetu. Katika nyumba moja, kwa baba mmoja na mama mmoja, huzaliwa watoto wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja apenda alichokizoea: chakula kile kile, njia ile ile ya kwendea skuli, marafiki wale wale tangu darasa la kwanza. Mwenziwe hatulii. Huuliza kwa nini Ramadhani haiji wakati mmoja kila mwaka, na kwa nini jirani yetu wa Kigujarati hali nyama. Leo ataka kujifunza kuchora, kesho ataka kusema Kijapani. Yule wa kwanza twamwita mtoto mtulivu. Huyu wa pili twamwita mtundu, na akishafika miaka kumi na mitano twaanza kunong'ona kuwa amepotea.

Makusudio ya makala haya ni kusema kuwa aghalabu huyu wa pili hajapotea, wala utulivu wa yule wa kwanza si lazima uwe ucha Mungu. Tunayoyaona kwao ni maumbile ya nafsi, na mzazi anayeyasoma vibaya maumbile hayo huweza kumpoteza mtoto ambaye hakuwa amepotea.

WATAALAMU WASEMAVYO

Mwaka 1936 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi huko Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, waliipekua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakatoa humo maneno karibu 18,000 yanayoeleza jinsi watu wanavyotofautiana. Waliokuja baada yao waliyachuja maneno hayo miaka na miaka, hata wengi wao wakakubaliana kuwa tofauti kubwa za tabia zaweza kuwekwa katika mafungu matano: nidhamu na bidii; uchangamfu mbele ya watu; upole na kuwajali wengine; wepesi wa kuingiwa na wasiwasi; na la tano, ambalo ndilo maudhui yetu, utayari wa kuyapokea mapya.

Paul Costa na Robert McCrae, waliotunga mojawapo ya madodoso yanayotumika sana katika kazi hii, waliligawa fungu hilo la tano katika sehemu sita. Nazo ni upana wa mawazo, kuguswa na uzuri wa vitu, kuzitambua hisia za moyo, kupenda kujaribu vitendo vipya, kupenda fikra, na kuwa tayari kuyachunguza yale tuliyorithishwa. Bila shaka ni hiyo sehemu ya sita inayotunyima usingizi sisi wazazi.

Kwa Kiswahili hatuna neno moja linaloyabeba yote hayo. Udadisi ni sehemu yake tu, na uwazi twautumia kwa mambo yasiyofichwa. Sisi tumependelea kuuita ukunjufu wa akili. Mtu mwenye moyo mkunjufu sote twamjua: ni kama jamvi lililokunjuliwa barazani, kila ajaye apata pa kukaa. Akili nayo huweza kuwa hivyo, na huweza kuwa jamvi lililokunjwa likaegemezwa ukutani, safi, lisilochakaa, wala lisilokaliwa na mtu.

Je, tabia hii yatoka wapi? Utafiti uliofanywa kwa watoto pacha waonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za watu katika jambo hili ni ya kurithi, na iliyobaki hutokana na maisha. Ndiyo maana ndugu wawili waliokula sahani moja huweza kuwa mbali kama kusi na kaskazi. Tena tabia hii haisimami mahali pamoja. Kwa kawaida hukua katika ujana na hupungua uzeeni. Na safari nayo ina mkono wake: mwaka 2013 wataalamu Julia Zimmermann na Franz Neyer walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Kijerumani, wakaona kuwa waliokwenda kusoma nchi za nje waliongezeka ukunjufu kuliko wenzao waliobaki kwao. Wahenga waliosema tembea uone hawakuwa na dodoso mkononi, lakini hawakukosea.

Je, na dini? Mwaka 2002 Vassilis Saroglou wa Ubelgiji alizikusanya tafiti nyingi pamoja, nazo zilikuwa hasa za nchi za Magharibi. Alikuta kuwa watu wa dini hutofautiana na wengine zaidi katika upole na nidhamu, ama uhusiano wa dini na ukunjufu wa akili ulikuwa mdogo sana. Maana yake ni kuwa mtu aweza kuwa mkunjufu wa akili akawa mcha Mungu, na aweza kuwa mgumu wa kila kipya na swala asiswali.

Hata hivyo tusiyabebe maneno ya wataalamu kuliko uzito wake. Mwaka huo huo wa 2013 watafiti waliokwenda kwa Watsimane, watu wanaoishi kwa kilimo na uwindaji katika misitu ya Bolivia, hawakuyakuta mafungu hayo matano kama yalivyokutwa kwa Wazungu. Kipimo hiki ni taa ya kumulikia njia tu, wala si mizani ya kuwapimia waja.

WAZEE WETU NA MIAKA 200 YA WARENO

Mzazi husema: haya yote ni mambo ya Wazungu, sisi mila zetu hazikuwa hivyo. Twamwomba atazame vilivyomo ndani ya nyumba yake. Vasco da Gama alitia nanga pwani yetu mwaka 1498. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilichukuliwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Hiyo ni miaka 200. Katika miaka hiyo wazee wetu walipigana na Wareno, walifanya nao biashara, walikaa nao jirani, na wakawatazama kwa makini.

Walichukua nini kwao? Meza ni neno la Kireno. Leso ni neno la Kireno. Bendera na kasha ni maneno ya Kireno. Muhogo, unaopikwa kwa nazi katika nyumba zetu mpaka leo, asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika kwa merikebu za Wareno. Hata gereza latokana na neno lao la kanisa. Ama kanisa lenyewe, wazee wetu hawakulichukua. Wareno walikuja na mapadri, wakaondoka, na adhana za Lamu, Mombasa na Unguja zikabaki pale pale.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Akili za wale wazee zilikuwa kunjufu, na imani yao ilikuwa thabiti, wala moja haikula nyingine. Lau wangalikuwa wagumu wa kila kitu, tusingalikuwa na leso. Lau wangalikuwa wepesi wa kila kitu, tusingalikuwa na msikiti. Kuyapokea mapya ni kazi moja, na kuchagua ni kazi nyingine, na mwenye akili hufanya zote mbili.

SULTANI ALIYEKUJA LONDON

Yuko aliyetutangulia katika mji huu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alizuru London mwaka 1875. Kabla ya hapo, katika ujana wake, alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyeona miji mikubwa miwili, mmoja kwa kulazimishwa na mmoja kwa kukaribishwa.

Alirudi kwao akavuta maji safi ya chemchemi mpaka mjini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, ile nyumba iliyowashangaza watu kwa ukubwa wake, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Lakini zaidi ya maji na nyumba, twapenda kutaja mtambo wake wa kupigia chapa.  Barghash aliutumia kuchapia vitabu vya dini vya madhehebu yake ya Kiibadhi, na miongoni mwa vilivyoanza kutoka mwaka 1880 ni Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi chenye juzuu nyingi. Alichukua chombo cha ugenini akakitia kazi ya mbacha wake.

MOMBASA, BABA NA MWANA

Mfano wa pili twautoa Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, alikuwa mwanachuoni mkubwa, na tangu 1937 hata kufa kwake 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu wa cheo hicho angeweza kukaa na vitabu vya wazee wake akatosheka. Yeye alikuwa akiyasoma yaliyoandikwa Misri na wafuasi wa Sheikh Muhammad Abduh, na mwaka 1930 akaanzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, kisha mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Humo aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao, na humo humo akawakemea walioiga ugeni usio na faida. Aliweza kusema ndiyo na hapana katika gazeti moja, kwa sababu kila jambo alilipima kwa uzito wake.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa 1933, akafiwa na baba yake angali kijana mdogo. Alisoma Manchester, New York na Oxford, akasomesha Makerere na Marekani. Mwaka 1979 BBC ilimpa heshima ya kutoa mihadhara yake mashuhuri ya kila mwaka, na mwaka 1986 aliuandika na kuusimulia mfululizo wa vipindi vya televisheni ulioeleza kuwa Afrika imerithi mambo matatu: ya wenyeji wake, ya Uislamu na ya Magharibi. Wako waliokubaliana naye na wako waliompinga, naye hakuchoka kujadiliana nao wote. Alipofariki Marekani mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya jamaa zake. Mtu aliyeizunguka dunia nzima hakusahau njia ya kurudi kwao.

TUYATAZAME YA HAPA KWETU

Wembley nayo ina funzo lake. Mwaka 1924 palifunguliwa hapa maonyesho makubwa ya himaya ya Kiingereza, yaliyokusanya watu kiasi cha milioni 27 kwa misimu miwili. Nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zilionyeshwa katika banda lao. Watu walikuja wakaona, wakastaajabu, wakaenda zao. Huko kulikuwa kutazama, lakini si kujuana. Sura ya Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana hakupatikani kwa kupita mbele ya banda.

Leo mtu akishuka Ealing Road ataona maana ya kujuana. Katika maduka na mikahawa ya Wagujarati, ambao wengi wao walitoka Uganda, Kenya na Tanzania, kuna chakula kiitwacho mogo. Ni muhogo wetu. Neno limetoka pwani, likaingia jiko la Kihindi, likavuka bahari pamoja na waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengineo, likafika mezani London. Na sisi je, chapati tulizipata wapi kama si kwa wenzetu wa Bara Hindi? Jirani amekula chetu, nasi twala chake, na kila mmoja amebaki na kibla chake.

HATARI ILIYOPO

Itakuwa si uaminifu tukisifu tu. Watafiti wameona pia kuwa wenye ukunjufu mwingi huwa wepesi zaidi wa kujaribu bangi. Mlango ulio wazi hauchagui upepo. Kwa hiyo khofu ya mzazi ina msingi, wala hatuichezei.

Lakini tuangalie khofu hiyo inafanya nini. Mtoto akiuliza swali la dini akajibiwa kwa kofi au kwa neno kufuru, swali halifi. Hutoka sebuleni likaenda kuulizwa pengine, kwa rafiki asiyejua au katika simu yake usiku wa manane, ambako majibu ni mengi na mengine ni sumu. Mtoto hujifunza kuwa na nyuso mbili: moja ya nyumbani, nyingine ya nje. Mzazi aona utulivu, ashukuru. Kumbe amempoteza mwana tangu zamani, na mwana yuko pale pale chumbani.

Msiba huu huwa mzito zaidi kwa mabinti zetu. Kaka akisema anakwenda maktaba, aambiwa ende salama. Dada akisema lilo hilo, ahojiwa maswali saba. Akili ya mtoto wa kike haikuumbwa finyu, na ikibanwa mno hutafuta ufa.

YATUPASAYO

Kwanza, tutenganishe haramu na mageni. Yako mambo ambayo sharia imeyakataza, na hayo hayana mjadala. Na yako mambo ambayo hatujayaona kwetu tu. Mtoto anayetaka kujifunza astronomia, ushairi wa Kiingereza au mapishi ya Kituruki hajavunja hukumu yoyote. Mzazi anayekataa yote kwa sauti moja humfundisha mtoto kuwa haramu na mageni ni kitu kimoja, na siku mtoto atakapogundua kuwa mageni hayamdhuru, atadhani haramu nayo haimdhuru.

Pili, tufuatane nao. Maktaba ya Ealing Road iko karibu, na British Museum haitozi kiingilio cha maonyesho yake ya kudumu. Humo, tangu 2018, kuna vyumba vilivyotengwa kwa vitu vya ulimwengu wa Kiislamu. Mtoto mwenye hamu ya kuona akionyeshwa na mzazi wake vyombo na maandishi ya Waislamu waliomtangulia, atajua kuwa mbacha wake haukufumwa jana.

Tatu, tuseme hatujui pale tusipojua. Swali likitushinda, tulipeleke kwa mwanachuoni pamoja na mtoto, akae asikilize. Kuuliza si ujinga, na mtoto akimwona baba yake anauliza, atajua kuwa kuuliza ni sehemu ya dini.

Nne, tusimdharau yule mtulivu. Naye ana kazi yake. Mwenye kuyashika aliyoyazoea ndiye ambaye mara nyingi hukumbuka majina ya mababu, nyakati za swala na pishi la bibi. Tusimlazimishe kuwa kama nduguye, bali tumzoeshe kidogo kidogo, leo chakula kipya, kesho rafiki mpya, maana dunia ya leo haitamwacha akae alipo.

Tano, tujitazame sisi wenyewe. Tumesema kuwa ukunjufu hupungua umri ukienda. Sisi ambao tuliacha nyumba zetu, tukapanda ndege tusijue tutalala wapi, tukajifunza lugha na kazi mpya ukubwani, tulikuwa wakunjufu kuliko watoto wetu walivyo leo. Ukunjufu huo haukuwa dhambi siku ile, nao si dhambi leo ukiwa kwa mwanao.

Wasomaji wetu, methali zile mbili hazigombani. Anayeambiwa asiache mbacha wake ni mtu anayetarajiwa kukutana na misala njiani. Asiyetoka nyumbani hahitaji onyo hilo. Tuwape watoto wetu mbacha mwema waujue ufumaji wake, kisha tufuatane nao kwenda kuona. Na mwenye rai, ziada au kinyume cha haya tuliyoyaandika, kurasa zetu zi wazi kwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, azikunjue nyoyo zao kwa elimu yenye manufaa, na azithibitishe katika dini yake.

Wabillahi tawfiq.